Kocha wa Mtu Mmoja

Wamarekani wana mchezo wanaouita futiboli ingawa mpira wenyewe huchezwa zaidi kwa mikono, tena si wa duara kama huu wetu. Umechongoka huku na huku kama embe. Katika mchezo huo kuna mtu anaitwa kwotabeki. Karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Yeye ndiye huamua mpira uende kwa nani, uende saa ngapi, au asiutoe kabisa aangushwe nao. Akiamua vizuri timu inakula, akiamua vibaya wote wanalala njaa. Kwa hiyo timu zao za kulipwa huajiri mtu ambaye kazi yake ni kumfundisha huyo mmoja: anakaa naye mbele ya video, anamrekebisha anavyoweka miguu, anamuuliza aliona nini na kwa nini hakuona kile kingine. Si kocha wa timu. Ni kocha wa mtu.

Kwetu mtu wa kufanana na huyo ni kipa. Najua wapo watakaosema hapana, ni namba kumi, na kwa upande wa kugawa mipira wana haki. Lakini namba kumi akisinzia dakika ishirini wenzake watambeba. Kipa akisinzia sekunde mbili, mtaa mzima utakuwa unalitaja jina lake hadi Jumapili ijayo. Na kama kwotabeki, kipa ndiye mchezaji ambaye timu zenye uwezo humtafutia mwalimu wake peke yake. Benni McCarthy alipokabidhiwa Harambee Stars Machi 2025 alikuja na Moeneeb Josephs, aliyekuwa kipa wa Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia la 2010, awashughulikie makipa tu. McCarthy mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya namna hiyo. Manchester United walimchukua 2022 awanoe washambuliaji wao, na msimu huo Marcus Rashford akafunga mabao 30. Mabao ni ya Rashford, hakuna ubishi. Ila kuna mtu alisimama naye uwanjani wakati kamera zimezimwa, na sijui hesabu gani inaweza kumpa huyo mtu sehemu yake.

Sasa, timu ambayo mimi ni katibu wake si Manchester. Inacheza madaraja ya chini, nyumbani kwake ni Kibera, na baada ya mechi kila mchezaji hupewa nauli ya shilingi 200, kukiwa na pesa. Mwaka huu mfanyabiashara mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alijitolea shilingi 20,000 kila mwezi kwa miezi sita. Akatoa sharti moja. Pesa hiyo isiende kwa jezi, isiende kwa nauli, isiende kwa chai. Itafutiwe kocha wa kumkuza kipa wetu.

Nimuelezee kipa kidogo, bila jina, kwa sababu bado ni mtoto wa shule. Ana miaka 17, yuko Form Three, anaishi Gatina, Kawangware. Siku za mazoezi anatembea: anashika Naivasha Road hadi Ngong Road, kisha anateremka Kibera, glovu zikiwa ndani ya mfuko wa unga. Ni mrefu, lakini warefu Nairobi ni wengi. Kinachowashangaza watu ni utulivu wake. Mshambuliaji akimjia peke yake, wengine huanguka mapema kama gunia, yeye hungoja. Hiyo haifundishwi kirahisi, na kila aliyewahi kusimama golini anajua.

Kamati ilikutana mara tatu kwenye hoteli moja ya Makina. Nilidhani tungejadili majina ya makocha. Tuliishia kujadili maadili, ingawa hakuna aliyelitumia neno hilo.

Wa kwanza kuleta swali alikuwa nahodha, beki wa kati, mtu mzima mwenye watoto wawili na kazi ya mjengo. Alisema, "Wazee, mimi sina ubaya na kijana. Lakini huyo akidaka mpira, huwa ametangulia kukingwa na watu wanne. Sisi nani anatukuza?" Mweka hazina akapiga hesabu kwenye simu yake: 20,000 ni nauli ya wachezaji 18 kwa mechi tano na zaidi. Watu wakanyamaza. Ni hesabu inayouma, maana kuna wachezaji wetu wanaokuja uwanjani hawajala.

Jibu la haraka ni kwamba pesa si yetu, ni ya mwenye duka, na mwenye mali ndiye mwenye kusema. Silipendi jibu hilo. Mtu akikupa pesa umtendee jambo mtu wa tatu, bado wewe ndiwe unayetenda. Jibu la pili, lililotolewa na mwenyekiti, lilikuwa na nguvu zaidi. Alisema kugawana sawa si lazima kuwe kugawana kwa haki. Nyumbani mtoto mgonjwa hupewa yai na wenzake hawalalamiki. Nahodha akajibu kwa upole kwamba kijana si mgonjwa. Ndiye mzima kuliko wote. Hapo ndipo nilipoona kwamba nahodha ameuona mfano kuliko aliyeutoa. Yai tunalotaka kutoa tunampa aliyeshiba kipaji, kwa matumaini kwamba atataga. Huo si ukarimu, ni uwekezaji. Na uwekezaji si dhambi, lakini lazima uitwe kwa jina lake, kwa sababu anayewekeza hutarajia kurudishiwa. Na atakayerudisha ni nani? Ni huyo mtoto.

Kuna neno tunalitumia ovyo: kukuza kipaji. Lisikilize vizuri. Linazungumza kana kwamba kipaji ni mche uliopandwa ndani ya kijana, na kijana mwenyewe ni kopo tu la kuushikilia. Mche ukikua, kopo linakatwa. Tumewaona wengi Kibera na Kawangware ambao vipaji vyao vilikuzwa wao wakiachwa: goti likaharibika wakiwa na miaka 22, na hapo ndipo wakagundua kwamba shule waliachishwa wakiwa Form Two ili wacheze mashindano ya mtu fulani. Wengine sasa wanaendesha boda boda, si kazi mbaya. Lakini hawakuwahi kuulizwa. Lugha yetu ina neno jingine la karibu, kulea, na sijawahi kumsikia mtu akisema analea kipaji bila kumlea mtu.

Methali inayotolewa kila mara kwenye mikutano kama hii ni ile ya samaki mkunje angali mbichi. Ilitolewa na kwetu pia, na vichwa vikatikiswa kwa kukubali. Mimi huwaza upande wa samaki. Samaki anakunjwa ili aingie kwenye sufuria. Hakunjwi kwa faida yake. Nadhani aliyeitunga methali hiyo alikuwa anazungumzia malezi, na kwa malezi iko sawa. Lakini ikisemwa na watu wanane wanaokunywa chai wakijadili mtoto wa mama mwingine, ni halali kuuliza sufuria ni ya nani.

Makocha waliobaki kwenye orodha walikuwa wawili.

Wa kwanza ni kijana wa miaka thelathini hivi, ana leseni ya CAF ya daraja la C, anakuja na kompyuta yake na koni za rangi. Sitamdharau mtu kwa sababu ana vyeti. Tulishaumia vya kutosha kwa makocha wa kubahatisha. Anajua kazi. Alituonyesha ratiba ya wiki kumi na mbili iliyopangwa hadi dakika. Ana watu anaowajua, mawakala, na alisema wazi kwamba akipewa kijana kwa msimu mmoja anaweza kumpeleka timu ya ligi kuu, labda hata nje. Sharti lake: kijana asaini karatasi, na akiuzwa kocha apate asilimia yake. Alitaka pia kijana ahamie Kibera, apangiwe chumba, asipoteze nguvu kutembea. Kuhusu shule alisema, "Hiyo tutaona."

Wa pili ni mzee wa Makina anayeuza viatu vya mitumba soko la Toi. Alidaka miaka ya tisini, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vimepinda na havinyooki. Hana leseni. Tulipomuuliza ratiba yake alicheka. Alisema hawezi kumfundisha kipa mmoja. Anataka watatu, pamoja na yule mfupi wa Lindi tunayemweka benchi na mtoto mwingine yeyote anayetaka. Tukamuuliza kwa nini, ilhali pesa ni ya mmoja. Akasema kipa anayejifunza peke yake hana wa kumwona akikosea isipokuwa mwalimu, na mwalimu akiondoka anabaki kipofu. Makipa watatu hutazamana. Halafu akauliza swali ambalo hakuna kocha mwingine aliyeuliza: "Mama yake amesema nini?"

Hatukuwa tumemuuliza mama yake. Lilikuwa jambo la kupangwa baadaye, kwenye ajenda yangu lilikuwa namba saba.

Kabla sijaendelea na mama, niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu watu wengi wanaoamua mambo ya makipa hawajawahi kudaka. Ufundi wa mikono unaweza kufundishwa na yeyote mwenye subira: vidole gumba vikaribiane nyuma ya mpira, mpira wa chini goti lifunge mlango, ukianguka uanguke kwa ubavu na si kwa kiwiko, hasa kwenye uwanja wetu wa murram ambako ngozi ya nyonga huachwa ardhini kila Jumamosi. Kupunguza pembe pia kunafundishika. Unachora mistari, unamwonyesha kijana kwamba akisogea hatua mbili mbele goli linakuwa dogo. Ugumu ni krosi. Mpira umepigwa kutoka pembeni, uko hewani, na una muda mfupi kuliko kusoma sentensi hii kuamua kama unatoka au unabaki. Ukitoka ukakosa, goli ni tupu na umeonekana mjinga. Ukibaki na mtu akapiga kichwa, hakuna atakayekulaumu sana. Kwa hiyo makipa wengi hubaki. Wanabaki si kwa kuwa ni sahihi. Wanabaki kwa kuwa lawama ni ndogo.

Hapo ndipo kocha anapopimwa. Kocha mwenye haraka atasimama kando ya goli apige kelele: "Toka! Baki! Toka!" Na kijana atatii, na timu itafungwa mabao machache, na kila mtu atasema kocha ni mzuri. Lakini kijana hajajifunza kuamua. Amejifunza kusikiliza. Siku atakapocheza mahali penye mashabiki elfu nyingi, sauti ya kocha haitafika, na ndani yake hakutakuwa na sauti nyingine. Kocha wa haki itabidi anyamaze, amwache kijana atoke vibaya, afungwe, aaibike, halafu Jumatatu amuulize: uliona nini? Hiyo ina gharama. Gharama yenyewe ni pointi tatu, na pointi hizo ni za nahodha na wenzake pia, si za kipa peke yake.

Kwa hiyo tunaposema tunatafuta kocha mwema, nusu ya wema huo hauko kwake. Uko kwetu tunaomwajiri. Kocha anayejua kwamba akifungwa mechi tatu atafukuzwa hawezi kumpa mtoto nafasi ya kukosea, hata awe malaika. Atampigia kelele, kwa sababu yeye pia ana kodi ya nyumba. Angalia tulivyoishi na makocha wa taifa. Adel Amrouche alipewa Harambee Stars 2013, akafutwa 2014, na kesi yake ya kuvunjiwa mkataba ikaja kuigharimu shirikisho takriban dola milioni moja. Bobby Williamson akaja, akaenda. Paul Put aliingia Novemba 2017, na kufikia Februari 2018 alikuwa ameshaondoka. Kisha Sébastien Migné, kisha Francis Kimanzi wetu wa nyumbani, kisha Jacob Mulee, kisha Engin Firat. Kila mmoja tulimpokea kwa ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone, hata alipokuwa mwenyeji. Na sitaki kusema wote walikuwa wazuri. Ninachosema ni kwamba kwa mwendo huo tusingeweza kujua nani alikuwa mzuri. McCarthy kwenye CHAN ya Agosti 2025 alituvusha kwenye kundi lenye Morocco na DR Congo, tukatolewa na Madagascar kwa penalti robo fainali pale Kasarani, na tayari nilisikia mtu kwenye matatu ya kurudi mjini akisema afutwe. Kwa penalti!

Kuna mfano mmoja wa hao Wamarekani ambao siwezi kuuacha. Mwaka 2000 timu ya New England Patriots ilikuwa na kocha wa makwotabeki, Dick Rehbein. Alitumwa kuwatazama vijana wa vyuo, akarudi akimsifia mmoja ambaye timu nyingine hazikumtaka. Wakamchukua akiwa wa 199 kwenye uteuzi wa mwaka huo. Anaitwa Tom Brady. Rehbein alikaa naye mwaka mmoja, kijana akiwa benchi, hachezi. Agosti 2001 Rehbein alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Mwezi uliofuata kipa wa nafasi hiyo, nikiruhusiwa kumwita hivyo, aliumia, Brady akaingia, na kufikia Februari 2002 alikuwa bingwa. Mwalimu hakuiona hata mechi moja ya kijana akianza. Kama malipo yake yangekuwa asilimia ya mauzo, angekufa na deni. Simtoi kama mtakatifu, alikuwa na mshahara wake mzuri. Ninachokiona ni kwamba mtu alifanya kazi kamili mwaka ambao haukuwa na kitu cha kuonyesha, na waliomwajiri walikubali mwaka huo uwepo.

Na kwetu yupo James Siang'a. Wazee wa Gor Mahia wanamkumbuka golini miaka ya sabini, akidakia pia Harambee Stars. Alipoacha kudaka akawa kocha, na mwaka 2003 alikuwa Simba ya Dar es Salaam ilipowatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa penalti, huko kwao Cairo. Golini alikuwa Juma Kaseja, kijana mdogo wakati huo. Sijui walizungumza nini wawili hao kabla ya penalti, na sitatunga. Lakini napenda kuwaza kwamba upande wa pili wa uwanja alikuwa amekaa mtu mzima aliyewahi kusimama pale pale, peke yake, na alijua kwamba kwa wakati huo hana la kumsaidia.

Basi tulienda Kawangware, mimi na mwenyekiti, Jumatano jioni. Mama yake anauza chapo na madondo karibu na stage ya 46, na hakuacha kazi kwa ajili yetu. Tuliongea huku akigeuza chapati. Mwenyekiti alimweleza kwa heshima sana kuhusu mfadhili, kocha, na nafasi ya ligi kuu. Alimwita "mama" kila baada ya maneno manne. Alimwambia kijana ni dhahabu.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, baba. Mnataka kumfanya nini?"

Mwenyekiti akasema kipa bora.

"Hiyo nimesikia. Akishakuwa kipa bora, atakuwa nani?"

Nimekaa kwenye mihadhara ya chuo ambako swali hilo liliulizwa kwa maneno marefu zaidi na bila jibu zuri zaidi. Mwenyekiti alisema atakuwa mtu wa kusaidia familia. Mama akasema tayari ni mtu wa kusaidia familia, kila asubuhi anachota maji kabla ya shule. Halafu akatupa masharti yake, na yalikuwa machache: halali Kibera; shule asikose hata siku moja kwa sababu ya mpira, akikosa shule asicheze; na karatasi yoyote isomwe mbele yake na mwalimu wa darasa. Akatufungia chapati mbili kila mmoja, akakataa pesa. Njiani mwenyekiti alisema mama anamzuia mtoto. Mimi sikuona hivyo, na tulibishana hadi Dagoretti Corner.

Hoja ya mwenyekiti haikuwa ya kijinga, na naiandika kwa haki. Alisema: wewe katibu una digrii, kazi yako iko ofisini, ni rahisi kwako kusema kijana asome. Huyu mtoto ana mlango mmoja, nao unafungwa akifika miaka 20. Michael Olunga alisoma Upper Hill na bado akafika Japan, sawa, lakini ni wangapi wanaopata milango miwili? Ukimchagulia mzee wa mitumba asiyejua wakala hata mmoja, umemchagulia maisha ya kuuza mitumba. Unajiita mwema kwa gharama ya mtu mwingine. Hayo yalinichoma, na bado yananichoma. Ni kweli kwamba watu wa Kibera na Kawangware wamehubiriwa subira na watu wasioihitaji. Na kocha wa kwanza hakuwa mwizi. Asilimia aliyotaka huenda ni halali sokoni.

Jibu langu ni hili, na halimalizi kila kitu. Mtu anaweza kuharakishwa kwenye mlango ikiwa ni yeye anayekimbia. Kijana anapoweka sahihi akiwa na miaka 17 kwenye karatasi ambayo maana yake haijui, huku kocha anayemfundisha ndiye atakayelipwa akiuzwa, basi kila neno la kocha huyo lina nia mbili. Akimwambia "pumzika, goti limevimba," ni la mwalimu. Akimwambia "cheza, wakala amekuja," ni la nani? Hata kijana hatajua. Na kipa asiyejua kama anamwamini mwalimu wake ataamua vipi krosi? Uaminifu hapa ni kifaa cha kazi, kama glovu. Kocha wa pili huenda hamjui wakala yeyote, lakini wakala anaweza kutafutwa na kamati, kwa mlango wa mbele, mama akiwa amekaa. Mwalimu asiye na nia mbili hatafutwi gazetini.

Kuhusu nahodha na swali lake la nani atawakuza wao, mzee alikuwa amelijibu bila kujua: makipa watatu badala ya mmoja, na kila Alhamisi mabeki wanne nao wafike, kwa sababu kipa asiyezungumza na mabeki wake ni mlinzi aliyelala. Nahodha alisema hapo sawa. Hakusema zaidi.

Tulipiga kura. Watu watano kwa mzee, watatu kwa kijana mwenye leseni. Tukakubaliana pia mzee asajiliwe kozi ya leseni ya D shirikisho likiitangaza, ada itoke kwenye zile 20,000, jambo lililomchekesha sana. Alisema atakuwa mwanafunzi mzee kuliko walimu. Tukamhakikishia kwenye barua, kwa mkono wangu na muhuri wa timu, kwamba kwa miezi sita hatafukuzwa kwa sababu ya matokeo. Mwenyekiti aliutia muhuri huo kama mtu anayemeza dawa.

Imepita miezi miwili. Kijana anatoka golini zaidi kuliko zamani na kwa hiyo tumefungwa mabao ambayo zamani tusingefungwa. Wiki mbili zilizopita alikosa shule Alhamisi na Ijumaa, hakuumwa, alikuwa anafanya mazoezi peke yake kwenye uwanja wa shule ya msingi huko kwao. Mama akampigia mzee simu. Jumamosi mzee akamweka yule mfupi wa Lindi golini, na kijana wetu akakaa benchi na jezi yake, na mechi ilikuwa dhidi ya timu inayotufuata kwenye jedwali. Tulifungwa tatu kwa moja. Bao la pili hata mimi ningelidaka.

Saa mbili usiku mwenye duka akanipigia. "Katibu, hebu niambie. Ile pesa yangu inalipa nini?"

Nikamsomea masharti ya mama, moja baada ya jingine, kama yalivyo kwenye kumbukumbu za mkutano. Akauliza nani aliyakubali. Nikamwambia kamati, kwa kura, na kwamba mkutano unaofuata ni Jumanne pale Makina na mama atakuwepo. Akanyamaza, nikasikia mtu dukani kwake akiuliza bei ya misumari. Kisha akaniuliza mkutano unaanza saa ngapi.